Kilo Tatu za Bure

4 Februari

Wifi,

"Mh."

Hiyo ndiyo sauti niliyotoka nayo hospitalini Jumatano, na mpaka leo sijapata pa kuiweka. Si neno. Daktari alifungua picha ya kifua cha mdogo wako kwenye kompyuta, akaishusha, akaipandisha, kama mtu anayetafuta viatu vya bei rahisi, kisha akasema "mh". Miaka yote ile ya chuo, cheti kimetiwa fremu ya dhahabu nyuma ya kichwa chake, na alichotupa ni mguno. Hata mbuzi huguna, tena kwa uhakika zaidi.

Shikamoo. Habari za huko, na goti la Mama? Sisi huku hatujambo, kwa kadiri neno hilo linavyoweza kuandikwa. Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako Mama huiweka spika, na ninapoongea kwenye yangu mume wangu yuko chumba cha pili, na ukuta wetu ni ubao tu. Nijibu kwa anwani ya kazini, iliyo nyuma ya bahasha.

Amemaliza dripu nne kati ya sita. Ule uvimbe wa kifuani uliokuwa kama ngumi umesinyaa, wameushangilia. Lakini karibu na njia ya hewa kumebaki kivuli cha milimita kumi na moja. Huenda ni kovu. Huenda ni saratani yenyewe imejikunyata. Skani haisemi. Amalizie dripu mbili, tusubiri, picha irudiwe mwezi wa tano. Hayo daktari aliniambia mimi, mlangoni, mume wangu akiwa bado nyuma ya pazia anafunga vifungo vya shati. Akanipa ripoti katika bahasha ya kaki. Iko hapa kwenye droo yangu ya kazini, chini ya kitabu cha hesabu cha darasa la sita ninachokihariri.

Wenzake wa idara ya vipimo walikuja Jumapili, wakaguzi wa mizani wanne wakubwa, wakakaa kwenye kochi kama mzigo unaongoja kupakiwa. Walimletea habari kwamba wenye maduka, wanaomwita Ratili, wanafurahi: "Ratili hayupo, kilo ya sukari imeshaanza kukonda." Wakacheka. Halafu wakakumbuka nani mwingine amekonda, wakaacha wote kwa pamoja. Sijui kwa nini watu huja kumwona mgonjwa kama hawana la kusema na hawawezi kunyamaza.

Mama umemwambia nini?

Wifi yako


1 Machi

Wifi yangu msomi,

Salamu huwa zinakaa juu, si baada ya mbuzi. Hata hivyo nimezipokea huko chini nilikozikuta: marahaba. Sisi wazima. Wodi yangu ya wazazi imejaa, kila anayejifungua anaapa kwamba hatarudi, na mwakani nitampokea tena. Paa la jikoni tumeliziba. Mama goti linamsumbua, lakini masikio hayana neno: anasikia hata nisilolisema.

Hiyo "mh" naijua, nimeisema mwenyewe karibu miaka thelathini. Maana yake ni "sijui, na usiniulize mbele ya watu." Usimdharau mtu kwa kutojua. Wapo wengi wa kudharauliwa kwa kujua.

Mama nimemwambia ni vidonda vya tumbo. Usikunje uso, nakuona. Uongo wenyewe ulinijia mdomoni bila kuutafuta, kama mtu anayepapasa gizani mkono ukaangukia kiberiti. Na ameupokea vizuri. Hakulia, hakudadisi. Alisema tu, "Vidonda vya tumbo, eti?" akaendelea kukunja nguo. Sasa ana maagizo kila siku: umwekee mito miwili mgongoni asilale chali, usimfunike shingo, madirisha yawe wazi. Kwa vidonda vya tumbo! Ndiyo uzee huo. Wewe itikia tu.

Na hicho kivuli usimwambie mtu, hata mwenyewe. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwezi wa tano si mbali. Mwanamume akiambiwa "huenda", anasikia "tayari".

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu. Daktari yumo, mbuzi yumo, wenye maduka wamo. Mdogo wangu alisema nini ulipomwambia? Hapo sikupaona.

Wifi yako, mkunga asiyesoma sana


19 Machi

Wifi,

Shikamoo. Iko juu kabisa, uione vizuri.

Habari za kwetu: dripu ya sita imekwisha tarehe tisa, na picha wameipanga tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano. Kucha zimekuwa nyeusi, kila anachokula kina ladha ya chuma. Analala ameketi. Nilimwekea mito miwili, si kwa sababu ya maagizo ya Mama, ila kwa sababu akilala chali anakohoa. Uzito haujashuka mno. Mizani ya nyumbani inasema sitini na moja. Ya hospitali inasema vingine, lakini hospitali ile hata saa ya ukutani imesimama.

Chumba cha dripu kina viti tisa na televisheni moja isiyo na sauti. Inaonyesha mechi za miaka iliyopita ambazo matokeo yake kila mtu anayajua, na bado wanaume wazima wanazitazama kwa wasiwasi. Pembeni wamekaa wake zao, wamevaa sura ya ushujaa. Nawajua wote sasa. Kuna anayempangusa mumewe jasho asilokuwa nalo. Kuna anayesema kwa kila muuguzi, "Sisi tunapigana," hali anayepigana amesinzia. Nikijiona kwenye kioo cha dirisha, nami nimeivaa sura hiyohiyo, inanibana kama kiatu cha kuazima.

Kazini, bosi wangu ameniambia mara sita, "Ukihitaji chochote, useme." Mara ya saba nikasema: nahitaji Ijumaa zote. Akaniangalia kama niliyemwomba figo. Jirani wa juu ametuletea karatasi kuhusu mtu aliyepona kwa kunywa maji ya moto. Nilimuuliza kama mtu huyo alikuwa na saratani. Akasema hapana, alikuwa na wasiwasi.

Sasa wewe. Nilikuuliza umemwambia nini Mama, ukanijibu kwa furaha, kama mtu aliyeuza mbuzi mgonjwa kwa bei nzuri. Mama ana miaka sabini na nane. Amezika mume, amelea watoto wawili, na wewe unamlisha vidonda vya tumbo kijiko kwa kijiko. Mficha uchi hazai, wifi, na wewe ndiye mkunga. Wanawake wanaokuja kwako wamejifunika na kufumba macho unawaambia nini?

Tena wewe ni muuguzi. Ni safari ya siku moja tu kwa basi. Miezi minane mdogo wako anaumwa, hujakanyaga hapa hata mara moja. Unatuma maagizo. Maagizo hata daktari anayo.

Swali lako kuhusu alichosema nimeliona. Kuna mambo ya Mama, hayo ni yako. Na kuna mambo ya nyumba yangu.

Wifi yako


27 Aprili

Wifi yangu,

Nimechelewa, ndiyo. Barua yako niliiweka chini ya godoro nikailalia wiki tano. Ilikuwa inachoma.

Mama hajambo. Goti limepungua. Mvua imenyesha hadi ukuta wa choo umeegemea kwa jirani, sasa tunagombana kuhusu ukuta. Hizo ndizo habari.

Nitakueleza jambo moja, kisha usinikumbushe tena. Baba yetu alianza kukohoa nikiwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa na kofia mpya ya uuguzi, na jeuri ya mtu aliyefaulu mtihani juzi. Madaktari walimwambia Mama "tuone kwanza". Mimi nikaisoma picha ya kifua kwenye faili wakati karani ametoka. Nikaenda nikaketi kitandani kwa Baba nikamwambia kila kitu, kwa majina yake ya kitaalamu, maana nilikuwa nayajua. Nilidhani ndiyo heshima.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Asante, mwanangu, umesoma vizuri." Akageukia ukutani. Hakula tena. Siku kumi na moja. Mwezi mmoja baadaye wakasema huenda hata haikuwa hivyo nilivyosoma. Huenda.

Mama hakunilaumu kwa mdomo. Tunaishi nyumba moja miaka ishirini na saba na hajasema. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa, yeye hajui. Kwa hiyo kama siji, jua kwamba kila nikishika begi naona ule mgongo wa Baba. Siwezi kuingia chumba alimolala mdogo wangu na uso huu unaojua. Atausoma. Yeye anasoma vipimo kwa kazi.

Na hapo hapo nikuulize, maana nimelala na swali hili pia. Mizani ya nyumbani? Tangu lini mdogo wangu akapima uzito kwa mizani ya nyumbani? Mtu huyu alipokuja kuniona mara ya mwisho aliigeuza ya kwangu chini juu, akaisonya, akaiita pambo. Nani anamsomea?

Unanidharau, na una sababu. Lakini mwenye dharau hunawa mikono kwanza.

Wifi yako


24 Mei

Wifi,

Skani ilikuwa tarehe kumi na mbili. Nimehesabu. Siku kumi na mbili.

Mama ameniuliza jana, "Wameshapiga picha?" Nikamwambia picha ya nini, vidonda vya tumbo havipigwi picha. Akasema, "Ahaa."

Nijibu hata mstari mmoja. Nitukane ukipenda, lakini andika.

Wifi yako


11 Juni

Wifi,

Shikamoo. Hatujambo, na safari hii nimelipima neno hilo kabla ya kuliandika.

Utanisamehe kimya. Nilikuwa na mengi ya kudharau, na nilipofika mwisho wa orodha nikakuta jina langu.

Uliuliza nani anamsomea mizani. Mimi. Uliuliza alisema nini nilipomwambia habari ya kivuli. Hakusema kitu, kwa kuwa sikumwambia. Siku ile ya "mh" alitoka nyuma ya pazia amefunga vifungo, akaniuliza, "Amesemaje?" Nikasema, "Vizuri, watarudia tu kwa kawaida yao." Halafu nikakaa kazini nikakuandikia wewe kuhusu watu waongo.

Na mizani. Usiku wa dripu ya nne alipanda akakuta sitini na moja, na alianza mwaka na sitini na tisa. Nilimwona akishuka polepole, kama anashuka ngazi. Asubuhi, alipokuwa anaoga, nikazungusha lile gurudumu dogo la pembeni hadi sindano ikasimama kwenye tatu, na hakuna mtu juu yake. Nikaifunika taulo. Nikamwambia asiwe anainama, atapata kizunguzungu, mimi nitamsomea. Kusema namba ya uongo kwa mdomo wangu mwenyewe nilishindwa, kwa hiyo niliiajiri mizani. Hayo ndiyo maadili yangu, wifi. Kila Jumapili naondoa taulo, yeye anapanda akiangalia ukutani, mimi nasoma kwa sauti ya mtangazaji, naona haya, naifunika.

Tarehe kumi na mbili tulipiga picha. Tarehe ishirini daktari akaniita peke yangu, maana nilimzoesha hivyo. Milimita kumi. Si kumi na moja. Nilitaka kuruka. Akasema, "Usifurahi, usihuzunike. Huenda imepungua, huenda ni picha tu imekatiza mahali pengine kidogo. Mwezi wa nane turudie." Hata hakuguna. Safari hii nilimtazama vizuri. Ana madoa ya wino kwenye mfuko wa koti, na alionekana hajalala. Nikapata kazi kumdharau, nikaacha.

Nikakaa na bahasha ya pili siku tatu. Jumapili ikafika. Nikaondoa taulo, akapanda, nikasoma: "Sitini na mbili na nusu! Unaona? Unanenepa."

Akasema, "Toa tatu."

Nikasema, "Tatu za nini?"

"Hamsini na tisa na nusu. Hiyo mizani inaongeza kilo tatu tangu Februari." Alishuka, akaketi kitandani, akatoa kitabu kidogo kwenye koti lake la kazi. Vipimo vyote vimeandikwa humo kwa tarehe: sitini na moja, sitini, hamsini na nane, hamsini na nane, hamsini na tisa na nusu. Nikamuuliza kavitoa wapi. "Kwenye mizani ya hospitali."

"Ile mbovu?"

"Ile niliikagua mwenyewe mwaka jana. Ina stika yenye sahihi yangu, hukuiona? Mke wangu, nimefungia maduka kwa gramu hamsini. Wewe unanipa kilo tatu za bure unadhani sitaona?"

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Nilidhani wewe ndiye unayezihitaji."

Nilitaka ardhi ipasuke. Sijawahi kudharauliwa kwa upole kiasi kile. Miezi minne nilimbeba kama yai, na yai lilikuwa linanitazama.

Nikasema kuna lingine. Akasema, "Najua kuna lingine. Hakuna daktari anayerudia picha kwa kawaida." Jumatatu nilikwenda kazini, nikafungua droo, nikatoa ripoti zote mbili na barua zako mbili zilizokuwa zimefika. Ndiyo, wifi, na zako. Nilimpa pamoja, akazipanga mezani kwa tarehe, akavaa miwani.

Ripoti alizimaliza dakika mbili. "Kumi na moja na kumi ni kipimo kilekile," akasema. "Tofauti ikiwa ndogo kuliko kosa la mashine, si tofauti. Hawajui. Wameandika kwamba hawajui. Sijaona kosa hapa." Nikamuuliza haogopi? Akasema anaogopa tangu mwezi wa saba mwaka jana, hakuna jipya. Kisha akasema, "Kila mizani ina kosa linaloruhusiwa. Mwenye kosa hilo simfungii duka. Ninayemfungia ni anayeweka kidole."

Barua zako alizisoma taratibu zaidi. Kwenye ile ya Baba alivua miwani. Nilijua nimekosea, nikanyoosha mkono niichukue, akaikalia. Halafu, wifi, akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, nikamletea maji.

"Dada na akili zake zote," akasema. "Unajua mimi niliambiwa Baba alikufa kwa nini? Nilipokuwa na miaka tisa, Mama alinikalisha jikoni akaniambia: vidonda vya tumbo. Na majirani aliwaambia hivyohivyo."

Umeelewa, wifi? Wewe ulipopapasa gizani, kiberiti ulichokishika kilikuwa cha Mama mwenyewe. Umemdanganya mwenye uongo kwa uongo wake. Ndiyo maana hakulia, hakudadisi. Ndiyo maana ya mito miwili, na shingo, na madirisha. Alikuwa anamuuguza mtu wa kifua kupitia kwako, nawe ukaniandikia kwamba ni uzee.

Alimpigia simu siku ya pili, saa uliyokuwa zamu, maana simu huiacha nyumbani. Mama akaitikia, spika ikiwa wazi kama kawaida yake. Mume wangu akasema, "Mama, si vidonda vya tumbo." Nilisikia akivuta pumzi.

"Najua si vidonda vya tumbo. Nilikuwa nangoja nione nani kati yenu atakuwa mtu mzima wa kwanza. Miezi kumi! Mkunga mzima, mkaguzi mzima, na yule msomi wenu. Mmenitia aibu."

Akauliza kivuli ni kikubwa kiasi gani. Mume wangu akamwambia. Akauliza kama anakula. Akamwambia anakula, ila kila kitu kina ladha ya chuma. Halafu Mama akasema jambo ambalo mume wangu ameniagiza nikuandikie neno kwa neno, kwa kuwa yeye hawezi kukuambia na Mama hataki: "Baba yako hakuacha kula kwa sababu ya dada yako. Alikuwa hamezi tena tangu wiki iliyotangulia. Mimi ndiye niliyekuwa nakimwaga chakula, dada yako asijue. Nilidhani namhifadhi."

Hiyo ndiyo zawadi aliyoifunika miaka ishirini na saba ili usiumie. Familia yenu, wifi, ni duka ambalo kila mtu ana kidole kwenye mizani, na mimi nimeolewa humo nikaona niongeze changu.

Sikusubiri kuulizwa. Ijumaa nilimwambia bosi kwamba siji, sikumpa nafasi ya kunitazama. Nikaenda kituo cha mabasi nikakata tiketi ya kiti cha mbele, kwa ajili ya goti, nikampigia Mama nikamsomea namba yake. Alitaka iwe siku ya zamu yako ndefu, na akasema atakuambia anakwenda kwa mama mdogo wiki mbili. Nilimsihi aseme ukweli, kwa kuwa tumeshachoka. Akasema, "Acha nimalizie huu mmoja."

Kwa hiyo usimtafute kwa mama mdogo. Yuko hapa tangu Jumanne. Amefungua madirisha yote, amemfukuza jirani wa juu na karatasi zake, na jana alipanda mizani, akaniuliza mbona sindano haianzii sifuri. Mume wangu alikuwa amekataa kuigusa, alisema aliyeipotosha ndiye atakayeirekebisha. Nimeirekebisha, mbele yao wote wawili, nikiwa nimepiga magoti.

Mwezi wa nane tutaingia kwa daktari watatu. Kiti cha nne nimekiomba. Tiketi yako imo ndani ya bahasha hii, imeshalipiwa, ina jina lako, na haibadilishwi.

Wifi yako